Paka wa Kifalme Hanyonyoki

Bi. Lathrop alijua asili ya paka wetu kuliko paka wenyewe. Kila Julai aliposhuka kwenye gari lake, kichwani kofia pana kama sinia, alianza upya darasa lake katika duka la mji wetu wa Tarbox, mbele ya watu waliokuja kununua misumari na unga. Malkia wa Ufaransa, alisema, alipoona shingo yake inakaribia kukatwa, alipakia melini samani zake, vioo vyake, hariri zake na paka wake wa manyoya marefu, akaamuru vyote viletwe kwetu Maine, pwani ya Marekani. Malkia hakufika. Paka walifika. Wakashuka bandarini, wakajishusha hadhi kwa kuzaa na paka wa wavuvi, na matokeo yake ni haya mapaka makubwa tunayoyaona kwenye maghala yetu.

Watu walimsikiliza bila kumkatiza hata neno. Kwetu ndivyo tunavyomtukana mtu.

Merle Beal, jirani yetu mvuvi wa kambakoche, alikuwa na hadithi yake nyingine ya kuwalisha wakuja. Aliwaambia kuwa paka wetu walizaliwa na rakuni, yule mnyama wa msituni mwenye pete mkiani na uso kama wa mwizi aliyejifunika kitambaa. Aliwanyanyulia mkia wa paka yeyote aliyekuwa karibu, akawaonyesha pete. Wakuja wakatikisa vichwa, wengine wakaandika. Mtu aliyewahi kuona rakuni na paka wakikutana kwenye pipa moja la taka anajua kwamba pale hakuna posa, kuna meno. Lakini hao walikuwa watu waliosoma vyuo vikubwa, na Merle aliishia darasa la nane, kwa hiyo walimwamini. Walidhani mtu asiyesoma hana akili ya kudanganya.

Mama yangu, Idella Crockett, alipoulizwa paka wake walitoka wapi alijibu, "Ghalani."

Ndilo jibu la maana kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Paka hao walikuja na meli wakikamata panya, kama mababu zetu walivyokuja na meli wakitafuta chochote cha kushika. Meli zikaondoka, wao wakabaki. Baridi ikawaua wadogo, ikawaua wenye manyoya mafupi, ikawaua wavivu. Waliosalia ni hawa. Hakuna malkia hapo. Kuna majira ya baridi tu, na majira ya baridi ndiyo Bi. Lathrop hakuyajua, maana hajawahi kulala Tarbox hata usiku mmoja baada ya majani kuanza kugeuka rangi.

Watu wa kiangazi wana desturi yao. Wakifika, hukodi mashua, hununua koti la njano la mvua, kisha huchukua mtoto wa paka. Nyumba ya likizo haijawa nyumba ya likizo mpaka paka alale barazani na wageni wapige naye picha. Septemba shule zikikaribia kufunguliwa, mashua hurudishwa, koti hutundikwa msumarini, na paka huachwa nje ya mlango uliofungwa. Ukiwauliza, watakwambia paka ni kiumbe anayejitegemea. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Hulisema huku wakifunga buti la gari.

Gari la mwisho likishavuka daraja la Pinkham, mama alivaa mabuti ya baba, akabeba ndoo ya vichwa vya samaki, akaanza kuzunguka nyumba zile zilizopigwa mbao madirishani. Alirudi na paka kwapani, paka kifuani, paka ndani ya ndoo. Baba, aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi huko bara na kurudi nyumbani mwisho wa juma tu, alikuwa akifungua mlango na kuuliza kama kwenye kiti chake kuna mtu.

Shemasi alipatikana hivyo. Alikuwa chini ya ngazi za Bi. Lathrop, mifupa na macho, akilamba tope. Kiangazi kizima alikuwa ameitwa Armand, akalishwa krimu, akavishwa utepe. Mama alimpa jina la Shemasi kwa sababu ya kifua chake cheupe, na kwa sababu alikuwa na uso wa mtu anayehesabu nani hajaja kanisani.

Akakua. Paka wetu hawana haraka ya kukua, huchukua miaka, na Shemasi aliendelea kukua mpaka watu wakaanza kuuliza tunamlisha nini. Alikuwa wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi, kama gome la mti lililolowa. Masikio yalikuwa na vishungi nchani. Nyayo zake zilikuwa pana, zimejaa manyoya katikati ya vidole, akikanyaga theluji hazami. Mkia ulikuwa mrefu kiasi kwamba akilala aliuzungusha mwilini akafunika pua. Na shingoni, baridi ilipoanza, alivaa manyoya mazito kama ya simba dume, yakashuka mpaka kati ya miguu ya mbele. Kisha afungue kinywa, utoke mlio wa kifaranga. Mwili wa mbwa, sauti ya kitu kilichotoka kwenye yai jana. Merle alisema huo ndio ushahidi kuwa hana damu ya kifalme, kwa kuwa angekuwa mfalme angepiga kelele zaidi.

Mwaka ninaousimulia, kaka yangu Dwight alikuwa amechukuliwa jeshini na kupelekwa mbali. Mama hakulia mbele yetu. Aliacha tu kulala. Alikaa jikoni mpaka moto unazimika, na mtu pekee aliyeongea naye juu ya Dwight alikuwa paka. Nasema mtu kwa makusudi. Shemasi alipanda mapajani, akampigia vile vilio vyake vya kifaranga, mama akamjibu, na baadaye wakaenda kulala wote wawili, yeye miguuni pa mama. Akichelewa kurudi kutoka ghalani, mama hapandi kitandani. Mimi na baba tulijua hilo, ingawa hatukulisema, kwa kuwa nyumbani kwetu mambo ya namna hiyo hayasemwi.

Februari alikuja mpiga picha wa gazeti la mjini kupiga picha za bandari iliyoganda. Akamkuta Shemasi ameketi juu ya mitego ya kambakoche ya Merle, theluji mgongoni, manyoya ya shingo yamefutuka, anaitazama bahari kana kwamba inamdai maelezo. Ndiyo picha iliyotoka, na chini yake jina la mama yangu. Na mwaka ule ndio paka wetu walianza kuwa fasheni. Watu wa mijini waliokuwa wakiwaacha nje ya milango sasa walikuwa wakiunda vyama, wakigombana kuhusu urefu wa pua.

Simu ililia kabla theluji haijayeyuka. Nilipokea mimi. Bi. Lathrop hakusalimia. Alisema amemwona Armand wake gazetini, kwamba amelia kwa furaha, na kwamba Julai atakuja kumchukua amwingize kwenye mashindano.

Nikamwambia alimwacha.

"Tulimwacha kwa muda," alisema. "Kila mtu hapo mjini anajua ni wetu. Nashukuru sana mmemtunza."

Alisema kama vile sisi ni kabati.

Alimpigia pia Alvah Dunton, mjumbe wa halmashauri ya mji, akataja wakili. Alvah si mtu mbaya, ila kodi ya majumba ya watu wa kiangazi ndiyo iliyonunua greda letu la kuondolea theluji, na Alvah hakuwahi kulisahau greda lile. Alikuja kwetu akasimama mlangoni akizungusha kofia. Alisema kisheria hajui. Alisema mwanamke yule alimchukua paka akiwa mdogo, akampa jina, na wakili anaweza kulipatia jina hilo uzito. Alisema labda ingekuwa vyema Idella afikirie. Mama alimwuliza afikirie nini. Alvah akasema hajui, akaondoka.

Merle alikuwa na dawa ya haraka. Aliingia jikoni bila kubisha, akajimiminia kahawa yetu, akasema jambo lenyewe ni jepesi: Shemasi amekufa. Ameliwa na mbweha. Yeye mwenyewe ameona mkia barabarani na yuko tayari kuapa.

"Huyo hapo kwenye kiti," mama alisema.

"Dada Idella, mimi namwona. Mwenzako Lathrop hamwoni. Paka atakaa kwenye boti langu wiki moja, atakula samaki mpaka achoke, mwanamke ataondoka zake. Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba utakuwa uongo."

"Basi nitausema mimi. We kaa kimya tu, kunja sura kama mfiwa."

"Merle, sijawahi kudanganya kwa ajili ya mtu, nianze kwa ajili ya paka? Akija akiniuliza paka ni yupi, nitamwambia ni huyu."

"Na akimchukua?"

 Mama aliinuka akaosha kikombe ambacho Merle alikuwa bado anakinywea.

Nilimkasirikia sana. Nilimwona kama mtu anayeshika ukweli kwa mikono miwili huku nyumba inaungua. Nilipanga kumficha Shemasi mimi mwenyewe, hata nikaandaa kreti la tufaha lenye blanketi. Mama aliligundua, akalirudisha ghalani na kuniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba asiyekuwa na haki ya kitu ndiye hukificha. Tangu siku ile alianza kumzoeza Shemasi kulala jikoni, peke yake, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Nilimsikia paka akikwaruza mlango. Nilimsikia na mama pia, akigeuka na kugeuka kitandani kama mtu anayetafuta upande usio na mwiba.

Bi. Lathrop alifika wiki ile baada ya sikukuu ya uhuru ya Julai, tukiwa barazani tunamenya njegere. Joto lilikuwa limekaa juu ya mji kama mfuniko. Alvah alitangulia na lori lake, akiwa shahidi, na uso wake ulionyesha angependa kuwa shahidi wa kitu kingine, mahali pengine. Bi. Lathrop alishuka na kikapu kilichotandikwa mahameli, ukanda wa shingo wenye vito vya kioo, na ile picha ya gazeti aliyoibandika kwenye ubao mgumu.

"Idella, mpenzi," alisema. "Armand yuko wapi?"

Mama alielekeza kwa kidole chenye ganda la njegere. "Huyo."

Shemasi alikuwa amelala kwenye ubao wa juu wa ngazi. Sasa, kila mtoto wa Tarbox anajua paka wetu anavyokuwa joto likiingia. Manyoya ya shingo hupukutika yote. Mapajani hutoka mafungu, unayaokota zuliani kama sufi ya mto uliochanika. Mkia hukonda. Anayebaki ni paka mrefu, mbavu nje, shingo nyembamba, masikio makubwa kuliko kichwa, kama mchungaji aliyetolewa kanzu na kuachwa na kaptula. Shemasi, zaidi ya hayo, alikuwa amepigana wiki ile. Sikio moja lilikuwa na pengo, na tumboni alikuwa amejaa mbegu za magugu zenye miiba.

Bi. Lathrop alimtazama. Akaitazama picha. Akamtazama tena.

"Hapana," alisema.

"Ndiye," mama alisema.

"Idella, tafadhali. Mimi si mtoto."

"Hakuna aliyesema wewe ni mtoto. Nimesema paka ndiye huyo."

Bi. Lathrop akacheka kidogo, kicheko cha kumhurumia mtu. Akaanza darasa. Alitueleza, sisi, pale pale barazani kwetu, jinsi paka wa aina hii anavyopaswa kuonekana: manyoya tele shingoni, mkia kama unyoya wa mbuni, uso wa fahari. Alisema damu ya Versailles, jumba la malkia yule, huwezi kuifananisha na hiki. Akamnyooshea Shemasi ncha ya kiatu. Shemasi akapiga miayo.

Mama alimwambia kwamba manyoya hutoka kiangazi na kurudi Oktoba.

"Paka wa kifalme hanyonyoki," alisema Bi. Lathrop. "Anayenyonyoka ni kuku."

Alvah akakohoa. Akajaribu kusema kwamba hata wa kwake nyumbani yuko katika hali hiyo hiyo, lakini mwanamke alikuwa amekwisha kuingia ndani. Hakuomba ruhusa. Alifungua kabati la viatu. Aliinama akatazama chini ya kitanda cha mama, na nilimwona mama akiusikiliza mlio wa springi za kitanda chake zikisukumwa na mgeni. Aliingia chumba cha Dwight, ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunakiingia kwa ncha za vidole, akainua blanketi. Akatoka akaenda ghalani, huku akiita "Armand, Armand" kwa sauti ya puani. Paka kadhaa wakatoka kumtazama, wote wamenyonyoka, wote wana sura ya watu walioamshwa bure. Shemasi alimfuata nyuma hatua kwa hatua, kwa udaku tu, akilia kifaranga chake. Mara mbili Bi. Lathrop alimkanyaga. Mara mbili alimfukuza kwa kikapu.

Aliporudi barazani, kofia ilikuwa na utando wa buibui.

"Umemficha," alimwambia mama. "Nilidhani watu wa hapa, pamoja na yote, ni waaminifu."

Mama aliweka bakuli la njegere chini. Nilimfahamu mama yangu miaka yote ya uhai wangu na sikuwahi kuona shingo yake ikiwa nyekundu vile.

"Nimekwambia paka ni yupi," alisema. "Nimekwambia na tena nimekwambia."

"Umenionyesha takataka ya ghalani."

Hapo Alvah Dunton, ambaye maishani mwake hakuwahi kuharakisha jambo, alivua kofia. "Bi. Lathrop," alisema, "mimi sikio langu hili si zima. Huyu paka aliye hapa miguuni pako. Ni wako au si wako?"

"Si wangu. Nisingemruhusu hata avuke kizingiti changu."

"Sema kidogo kwa sauti, kwa hisani yako. Isije ikawa baadaye wakili anasema sikusikia vizuri."

Akalisema tena, kwa sauti iliyowafikia mpaka Merle na wenzake gatini, ambao walikuwa wameacha kufanya kazi tangu gari lake lipite.

"Nimesikia," Alvah alisema, akavaa kofia.

Ilitosha kabisa. Mimi nilitaka kumshika Alvah nimbusu kipara. Lakini Bi. Lathrop alipokuwa akiingia garini, akikung'uta vumbi kwenye sketi, mama aliinama, akamwinua Shemasi, akamweka begani, akaanza kushuka ngazi kumfuata. Nilimshika mkono wa nguo. Akautoa.

Alisimama kwenye dirisha la gari. Niliona kiganja chake kikiteremka polepole kwenye mkia wa paka, mpaka kwenye ncha. Pale pana kifundo. Kiangazi kile cha kwanza, Bi. Lathrop alimbana mkia kwa mlango wa gari lile lile, mfupa ukavunjika, ukaunga upande. Duka zima liliwahi kumsikia akisimulia jinsi alivyoufunga kwa utepe wa hariri. Kifundo hicho asingeweza kukikana. Angekigusa mara moja angekijua.

Nilijua mama anafikiri nini. Alikuwa ameitwa mwongo kwenye ngazi zake mwenyewe, mbele ya mjumbe wa mji, tena na mwanamke aliyepekua kitanda cha mwanawe. Kifundo kingemtakasa hapo hapo, na Bi. Lathrop angelazimika kumeza maneno yake pamoja na utando wa buibui. Kisha angefungua mlango wa gari, na kikapu cha mahameli kilikuwa wazi kwenye kiti.

"Kuna nini tena?" Bi. Lathrop aliuliza, funguo mkononi.

 Shemasi alimlilia sikioni. Vidole vya mama vikajikunja juu ya ncha ya mkia, kimoja baada ya kingine, mpaka kifundo kikapotea ndani ya ngumi yake.

"Daraja la Pinkham wamelifunga," alisema. "Pitia barabara ya juu, kwenye mawe."

Bi. Lathrop hakushukuru. Gari likageuka, likachukua barabara ya juu, ile ambayo hata malori ya magogo huilalamikia, na tukalisikia likigonga mawe mpaka likapotea nyuma ya misonobari.

Alvah alikuna shingo. Alisema ni ajabu, yeye amepita kwenye daraja asubuhi ile na hakuona kitu. Akamwuliza mama lina tatizo gani.

"Halina tatizo lolote," mama alisema. Akapanda ngazi na paka wake begani, akaniambia nimenye njegere zilizobaki, yeye anaingia ndani kulala kidogo.